Vipande Sitini vya Kushoto

Mama Chaki alikuwa fundi mkataji, na hakuna aliyemzidi. Hilo tulitangulize mapema, maana tutamsema sana hapa na si vizuri kumdhulumu haki yake. Mpe jora la kitambaa, mpe karatasi za vipimo na kipande cha chaki, naye atakukatia makoti hamsini usiokote mabaki ya kujaza kiganja. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye meza ile ile ya mbao katikati ya karakana, vyerehani kumi na viwili upande wa dirishani, pasi na rafu za nyuzi upande wa mlangoni. Miguu ilivimba ikazoea. Chaki ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Na alikuwa na ulimi. Marehemu mumewe, dereva wa lori, mtu mpole wa kuchekacheka, alikuwa akisema mkewe anaweza kumpunguza mtu kimo bila kumgusa. Alisema hivyo kwa mapenzi, lakini alikuwa akisema kutoka chumba cha pili.

Ulimi huo hakuuokota njiani. Kazi alifundishwa na baba yake mzazi, fundi wa suti mwenye kiduka cha mlango mmoja. Yule mzee alikuwa na rula ya mbao na alikuwa na maneno, na kati ya viwili hivyo rula ndiyo iliyouma kidogo. Binti akikata nje ya mstari, mzee hakupiga kelele. Alikichukua kipande, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasema polepole, “Mikono hii Mungu alikupa ya kushikia kijiko tu.” Msichana wa miaka kumi na mitatu alilia chooni na kuapa kwamba yeye hatamwambia mtu neno kama lile maishani mwake. Kiapo hicho hakikumaliza hata miaka mitano. Alipoanza kusimamia wenzake, yale maneno yalimtoka yenyewe, yameshonwa tayari. Wanawe wawili walikua, wakaondoka, na bintiye alipiga simu kila mwisho wa mwezi akauliza habari za mvua, ili asipate nafasi ya kuulizwa habari zake mwenyewe.

Sasa, katika karakana ile kulikuwa na desturi, nami nasema wazi kwamba ilikuwa desturi ya kijinga. Aliyeharibu kitambaa alipandishwa juu ya kigoda saa nne asubuhi, wakati wa chai. Alikiinua juu kile alichokiharibu, akasema mara tatu, “Mimi ni hasara ya karakana hii.” Kisha waliokuwa wakinywa chai walimtupia sentensi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na utani wake. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Chaki, na watu waliisubiri vikombe vikiwa vimesimama hewani. Mambo hayo yalianza kama mzaha wakati karakana ina vyerehani vitatu tu na mwenye mali, ambaye wote walimwita Tajiri, bado ana nywele. Mzaha ukawa sheria. Na hakuna aliyekumbuka ni lini watu waliacha kucheka kwa furaha wakaanza kucheka kwa kumshukuru Mungu kwamba leo si zamu yao.

Miezi miwili kabla ya siku tunayoisimulia, aliyepandishwa alikuwa binti mtia vifungo. Kila mtu alimwita Vifungo, naye aliitika. Alikuwa mgeni pale, mkimya, mwenye mikono myepesi, na kwa mara ya kwanza alikosea: mashati kumi na mawili ya kiume aliyatia vifungo upande wa mashati ya kike. Alipanda, akasema maneno yake mara tatu, akatupiwa yake. Zamu ya Mama Chaki ikafika. Mama Chaki alimeza funda la chai, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

“Asiyejua kushoto na kulia,” alisema, “huyo mwanawe anamvalisha viatu vipi?”

Watu walivunjika mbavu. Mzee wa Pasi, kipara mmoja aliyepiga pasi pale tangu zama za vyerehani vitatu, alimwaga chai yake juu ya suruali ya mteja. Vifungo alishuka, akamaliza kazi ya siku hiyo, akaaga. Kuanzia kesho yake alikunywa chai nje getini, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, peke yake.

Wiki moja baadaye Mama Chaki alikwenda kutafuta dawa ya magoti, na mbele ya kliniki ya mifupa akamwona Vifungo. Alikuwa amembeba msichana wa miaka kama minne. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa na ndala. Mwingine, uliopinda kwa ndani, ulikuwa ndani ya kiatu kizito chenye vyuma na mikanda hadi gotini, na mama yake alikuwa akiifungua mikanda ile mmoja mmoja, akiuliza, “Hapa panabana? Na hapa?” Mama Chaki aliganda. Kisha, mtu mzima yule, na mkoba wake na heshima zake, akajificha nyuma ya kibanda cha magazeti mpaka wakaingia ndani.

Tangu siku ile aliandaa maneno ya kuomba radhi. Aliyaandaa akiosha vyombo, akioga, akitembea kwenda kazini. Yote yalikuwa mazuri na yote yalikuwa na “lakini” ndani yake. Nisamehe, lakini sikujua. Nisamehe, lakini nawe ungesema. Nisamehe, lakini pale kigodani kila mtu husemwa. Kila alipofika getini na kumwona binti kwenye kreti yake, alipita na kusema, “Habari za asubuhi,” kwa sauti ya karani wa posta. Binti akajibu, “Nzuri.” Siku nayo ikaanza hivyo, na nyingine, hadi miezi miwili ikaisha.

Ndipo yakaja makoti ya hoteli. Yalikuwa makoti thelathini ya wahudumu, rangi ya damu ya mzee, kitambaa kinachong'aa usoni na kufifia mgongoni, na yalitakiwa Ijumaa mchana bila maneno mengi. Jora lililetwa Jumatatu.

Hapa inabidi nieleze kazi kidogo, mnivumilie. Kitambaa cha jora hutandazwa na watu wawili. Mmoja anakivuta hadi mwisho wa meza, mwenzake anakishika pale, kinakunjwa na kurudi, kinakwenda tena na kurudi, tabaka juu ya tabaka. Na kila tabaka wanaitana. “Uso!” anasema huyu. “Mgongo!” anajibu yule. Kwa kuwa kitambaa kinakwenda na kurudi, tabaka moja linatazama juu na la pili linatazama chini, na mashine ya kukatia ikipita mara moja tu unapata upande wa kushoto wa koti pamoja na wa kulia wake. Ni kazi rahisi ukiwa na mtu wa kukushikia upande wa pili.

Mama Chaki hakuwa na mtu. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja mpole aliyehamia kwenye vyerehani mwenyewe, kwa hiari, baada ya kuambiwa anashika kitambaa kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe wa jirani. Kabla yake walikuwepo wengine watatu. Jumatatu ile Mama Chaki alitazama karakana nzima, na karakana nzima ikainamia kazi yake kwa bidii ya ajabu. Basi akajikaza kisabuni, akatandaza peke yake. Alivuta jora hadi mwisho wa meza, akakata, akarudi mwanzo, akavuta tena, akakata tena. Kila tabaka lilianzia kwenye jora, na kila tabaka likalala vile vile: uso juu. Matabaka sitini. Akapiga chaki, akashika mashine, akakata vipande vya mbele vya makoti. Akaenda nyumbani kiuno kinamuuma na moyo wake ukimsifu.

Jumanne saa moja asubuhi alifika kabla ya wote, akaanza kupanga vipande viwili viwili, kushoto na kulia. Alichukua cha kwanza, cha kushoto. Akachukua cha pili, cha kushoto. Cha tatu. Aliviweka mezani akavigeuza, lakini ukikigeuza kile kitambaa unapata mgongo, na mgongo haung'ai. Akapekua fungu zima hadi chini. Vilikuwa sitini, na vyote sitini vilikuwa vya kushoto.

Alikaa kwenye ukingo wa meza, jambo ambalo hajawahi kumruhusu mtu yeyote kulifanya, na baba yake akaingia. Mzee amelala kaburini mwaka wa kumi na tisa huu, lakini aliingia bila hodi kama kawaida yake. Mikono hii Mungu alikupa ya kushikia kijiko tu. Mama Chaki alikwisha kuzoea. Kwa miaka arobaini kila alipokosea alimpisha mzee aseme, kisha akaongezea yake. Mwanamke mzima. Miaka ishirini na sita mezani, ishirini na sita, hujui uso wa kitambaa. Bora ufe. Mara akasikia mdomo wake ukisema kwa sauti, ndani ya karakana tupu, “Asiyejua kushoto na kulia...”

Akanyamaza papo hapo.

Alikuwa ameisikia ile sentensi kutoka upande wa pili, kutoka kule inakofikia. Na hapo, badala ya kulia, Mama Chaki alikasirika. Sijui kama mmewahi kukasirika vizuri, hasira safi isiyotafuta wa kumpiga. Alisimama, akashika kiuno.

“Baba,” alisema, “nakuheshimu, lakini nyamaza kidogo. Nina kazi.”

Akashangaa kwamba hakuna kilichomwangukia. Akaendelea, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwa wanawe wakiwa na homa, sauti ambayo karakana haikuijua. “Haya, mama. Umekosea. Umekosea vibaya. Umechoka, umefanya kazi ya watu wawili peke yako, na umeifanya peke yako kwa sababu umewafukuza wote. Hiyo nayo ni yako. Sasa tuhesabu kitambaa.” Akavuta tepu, akapima kilichobaki kwenye jora.

Saa mbili Tajiri alipoingia alimkuta mlangoni akimsubiri.

“Tajiri, nimekata vipande sitini vya mbele, vyote vya kushoto.”

“Vya kulia viko wapi?”

“Havipo.”

Tajiri alimtazama, akatazama meza, akaenda akashika kipande kimoja akakiweka chini. Alikuwa mtu mnene mwenye shinikizo la damu, na hoteli ile alikuwa ameinyemelea miaka mitatu. “Saa nne,” alisema, akaingia ofisini kwake.

Habari ilizunguka vyerehani kumi na viwili kabla mtu hajachomeka uzi. Mama Chaki apandishwe kigodani! Watu walitia miguu kwenye kazi lakini masikio yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Na tusidanganyane, hawakumsikitikia. Kila mmoja alikuwa na sentensi aliyowahi kutupiwa na yule mama, na kila mmoja sasa alikuwa akinoa ya kwake.

Saa nne birika lilizunguka. Kigoda kiliwekwa mahali pake. Mama Chaki alichukua kipande kimoja cha kushoto, akaja, akasimama pembeni ya kigoda, miguu yote miwili sakafuni.

“Panda,” alisema Tajiri.

“Magoti hayataki, na mwenyewe sitaki.” Akakiinua kipande. “Jamani, hiki ni cha kushoto. Viko sitini. Jana nilitandaza peke yangu nikilaza kila tabaka uso juu, na sikukagua kabla ya kukata. Kosa ni langu, simsingizii mtu.”

“Sasa sema maneno.”

“Nimeshasema.”

“Mama Chaki, usinifanye mtoto. Maneno unayajua. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia wenzako wayaseme kwa sauti.”

“Ndiyo, na nilikosa.” Mkono uliokuwa na kipande ulikuwa ukitetemeka na aliuacha utetemeke. “Mimi si hasara, Tajiri. Nimetia hasara, jana, kati ya saa nane na saa kumi. Ni vitu viwili mbalimbali, na kama huoni nitakueleza taratibu.”

Mtu fulani alisonya. Mzee wa Pasi alinong'ona, “Makubwa haya.”

Shingo ya Tajiri ilivimba. “Kila aliyefanya kazi hapa amesema. Yule kijana amesema, Vifungo amesema, mimi mwenyewe mwaka ule nilisema! Wewe una nini? Usiposema, weka chaki yako hapo mezani uende nyumbani.”

Sasa kila kitu kilikuwa wazi kwa wote. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye magoti mabovu hapati meza nyingine ya kukatia, na alilijua hilo kuliko wote waliokuwa mle. Maneno yenyewe yalikuwa sita tu. Angeyasema mara tatu, wangecheka, chai ingekwisha, na kesho angekuwa kwenye meza yake akimsubiri mwingine akosee.

Akaitoa chaki nyuma ya sikio, akaiweka mezani.

“Naiweka,” alisema. “Lakini kwanza sikiliza kazi itakavyookolewa, maana atakayekuja baada yangu atahitaji kujua. Vya kushoto vimezidi thelathini. Kola, mifuko na vifuniko vya mifuko vitoke kwenye hivyo, visitoke kwenye jora. Hapo jora litatoa vya kulia ishirini na kimoja pamoja na migongo na mikono yote. Nimepima mara mbili. Bado tisa. Duka lililokuuzia lilikuwa na jora jingine la rangi hiyo hiyo. Ukienda sasa hivi utalikuta. Ijumaa makoti yanatoka.”

Tajiri aliitazama chaki mezani.

“Na jambo jingine. Unaogopa, Tajiri. Nakuona, na huna kosa, hoteli ile umeihangaikia. Mimi pia naogopa, tazama mkono huu. Basi tuogope huku tunafanya kazi, kwa nini lazima kwanza tumtafute mtu wa kumtukana?” Aliwageukia wenzake. “Nanyi. Kila mmoja wenu nimewahi kumsema hapa. Niliwakosea.” Alisubiri kidogo, kwa sababu “lakini” ilikuwa imefika ulimini, imevaa na kujipamba. Akaimeza. “Basi. Niliwakosea.”

Zile sentensi zilizonolewa tangu asubuhi zilikosa mahali pa kuingilia, maana aliyesimama chini kwa miguu yake na kukiri kila kitu ni mgumu kumtania. Tajiri alizungusha macho akatafuta msaada, akaupata mlangoni. Vifungo alikuwa amesimama pale na kikombe chake. Alikuwa amekuja kutoka getini kusikiliza.

“Vifungo! Njoo hapa. Wewe una haki kuliko wote. Huyu mama alikufanya kichekesho. Mwambie na wewe, usiogope, niko hapa.”

Mama Chaki alitamani kuzungumza kwanza, kujieleza, kujitukana haraka mwenyewe kabla hajatukanwa. Alisimama tu. Kama binti ana la kusema, na aseme, alijiambia. Nitalisikia na sitakufa.

Vifungo alikuja taratibu, akaweka kikombe kwenye ukingo wa meza. Alimtazama Mama Chaki machoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

“Vya kulia vinatakiwa vingapi?”

“Thelathini,” alisema Mama Chaki.

“Nani anashika upande wa pili?”

Kila mtu alitazama mwisho wa meza.

“Vifungo,” alisema Tajiri, “nimekwambia umwambie—”

“Nimesikia, Tajiri. Sina neno la kumwambia hapa. Hicho kigoda chenu mimi nilikipanda mara moja na sikitaki tena, si kwa kupanda wala kwa kumpandisha mtu.” Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. Akamgeukia Mama Chaki. “Na wewe mama tusielewane vibaya. Sijakusamehe. Nimekuja kushika kitambaa.”

Akaenda mwisho wa meza, akasimama pale, mikono tayari.

Yule kijana aliyeitwa mshika mkia akainuka, akaanza kutenga vipande thelathini vilivyozidi, bila kumtazama mtu. Mwanamke wa cherehani cha kwanza akauliza kola ni za ukubwa gani. Mzee wa Pasi, miguu imechoka, alikivuta kigoda akakikalia. Tajiri alisimama katikati yao wote, mdomo umefunguka kidogo, halafu akapapasa mifuko yake akitafuta funguo za gari.

“Duka hilo linafungua saa ngapi?”

“Limeshafunguliwa,” alisema Mama Chaki.

“Na nyinyi mnanitazama nini? Chai imekwisha!” Akatoka akigonga mlango. Kuhusu chaki hakusema kitu, si kwenda wala kurudi, na Mama Chaki hakuuliza. Aliiokota, akairudisha nyuma ya sikio.

Wakatandaza, wakianza na mikono na migongo, maana hiyo huhitaji pande zote mbili. Jora lilikuwa zito, mbao za meza zililia. “Uso,” alisema Mama Chaki. “Mgongo,” alijibu Vifungo. Walikwenda matabaka sita hivyo. Vyerehani vilikuwa vimeanza kelele zake, na kelele za vyerehani ni pazia zuri; watu wawili wanaweza kuzungumza juu ya meza ya kukatia bila kusikika.

“Kila asubuhi nikimfunga mwanangu viatu,” alisema Vifungo, macho yake kwenye kitambaa, “nakusikia. Chumbani kwangu. Nafunga mkanda wa kwanza, nakusikia. Wa pili, nakusikia. Ni chumba kimoja tu nilichonacho, mama, na wewe umo.”

Mama Chaki alishika pindo la kitambaa kwa nguvu. “Ah, mwanangu. Mimi ni mtu mbaya. Mimi sifai, mimi ulimi huu ungekatwa—”

“Hapana, hapana.” Binti aliinua kiganja. “Usianze kujitukana. Ukijitukana itanibidi nikubembeleze, na leo zamu ya kubembelezwa ni yangu.”

Basi yule mama, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu alipoota meno, alifunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kule kusimama mbele ya Tajiri; kule alikuwa na hasira ya kumshika mkono. Hapa hakuwa na chochote. Alisimama na lile jambo jinsi lilivyo, chumba kimoja na mikanda mingapi sijui kila asubuhi, akaliacha lifike mpaka ndani. Halikumuua. Likauma, likatulia, likabaki.

“Uso,” alisema baadaye.

“Mgongo.”

“Nilimwona mtoto,” alisema Mama Chaki. “Kliniki, wiki moja baada ya siku ile. Nikajificha. Nimejua miezi miwili, na kila siku nimepita getini nikakusalimia kama mgeni. Niliona aibu. Nikaona bora unichukie kuliko nije uniambie.”

Vifungo alivuta tabaka zima, kwenda na kurudi.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Basi hilo ndilo baya zaidi.”

“Ndiyo.”

Machozi yalimtoka binti, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kitambaa. Mama Chaki hakusema pole, hakusema nyamaza. Alingoja upande wake wa meza, ameshika pindo, kitambaa kimetanda kati yao kikingoja kukunjwa.

“Siku nikikusamehe nitakwambia,” alisema Vifungo. “Usiniulize ulize.”

“Sikuulizi.”

“Na nyumbani kwangu utoke.”

“Niambie nitoke vipi, nitatoka.”

“Sijui. Labda uniulize habari zake. Niwe na kitu kingine cha kusikia kwa sauti hiyo yako.”

Mama Chaki alifikiri. Maswali yaliyomjia kwanza yalikuwa ya daktari na ya huruma, akayaweka kando yote.

“Anapenda nini?” aliuliza.

“Kukimbia.” Vifungo alicheka kwa pua, hali machozi bado yanatoka. “Na kile chuma mguuni, hebu fikiria. Anakimbia uani siku nzima, ka-ka-ka-ka, majirani wamechoka. Anaanguka vibaya. Ananyanyuka anafuta magoti, anakimbia tena.”

“Halii?”

“Analia sana. Lakini kujitukana, bado sijamsikia hata siku moja.” Akavuta kitambaa, kikanyooka kati yao. “Uso, mama. Zamu yako.”